Bonge la Makaa ya Mawe

Nilikuwa nafundisha jiografia katika sekondari moja karibu na Mvumi. Siku hiyo nilikuwa nimeandika ubaoni aina tatu za nishati zitokanazo na mabaki ya viumbe wa kale: makaa ya mawe, mafuta na gesi asilia. Msichana mmoja wa kidato cha tatu akanyoosha mkono, akakiacha Kiingereza cha darasani.

"Madamu, hayo makaa ya mawe yana tofauti gani na mkaa anaouza mama?"

Nikamweleza kwamba mkaa wa mama yake ni mti uliokatwa juzijuzi. Makaa ya mawe ni mimea iliyofukiwa ardhini mamilioni ya miaka.

"Umeshawahi kuyaona?"

Nilikuwa na miaka tisa kazini. "Hapana," nikasema. Darasa likacheka. Yeye hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma.

Jumamosi nikaenda Dodoma mjini, kwenye maegesho ya malori barabara ya Iringa, kutafuta dereva anayebeba makaa ya mawe. Dereva wa kwanza alidhani natafuta kazi; wa pili alinicheka waziwazi. Nikarudi Jumamosi iliyofuata, na nyingine tena. Mara ya tatu nikampata mzee mmoja aliyekuwa akisomba makaa hayo kule Ruvuma.

"Shikamoo, baba. Mimi ni mwalimu. Naomba bonge moja tu."

"Marahaba. La nini, mwalimu?"

"Wanafunzi walishike."

Akanitazama kidogo. "Basi nitakuletea."

Akaleta kweli, baada ya mwezi, limeviringishwa kwenye gazeti: jeusi, linang'aa, zito kiasi.

Nikalipanga mezani pamoja na chupa ya mafuta ya taa na kizibo chenye dizeli. Gesi asilia sikuwa nayo, na sikutaka kuwadanganya: ya mtungi wangu wa jikoni si ile inayosafirishwa kwa bomba kutoka kusini. Kisha tukatoka nje, tukavunja kipande tukiwashe. Kikagoma. Yule msichana akapepea kwa daftari mpaka jasho likamtoka. Kiliposhika, kikatoa moshi mzito unaokereketa koo, na mkuu wa shule akaja mbio.

"Mnachoma nini hapa?"

"Msitu, mkuu," msichana akajibu huku akikohoa. "Wa zamani sana."

Mkuu akachuchumaa, akaligusa bonge lililobaki, akautazama weusi vidoleni mwake.

"Msilimalize," akasema. "Kidato cha nne nao waje."