Msilioshe Sinia Hilo

Nilitoka kwetu Likoni kwenda Changamwe kwa sababu moja tu: nilikuwa nimetia sahihi chini ya uongo. Nilipotia sahihi sikujua kuwa ni uongo, lakini waliokuwa wakivuta vumbi nililoandika kuwa ni kidogo hawakuwa na haja ya kujua mimi nilijua nini.

Ninyi wa nyumbani mwaniita bwana afya, ingawa bwana afya mwenyewe alikuwa Mzungu na mimi msaidizi wake katika ofisi ya manispaa. Kazi yetu ilikuwa kukagua visima, vyoo na mabucha, na kusema nyumba zikae wapi na viwanda wapi. Mwaka ule wa mwisho kabla ya bendera kubadilishwa tukapewa kazi mpya, kupima vumbi. Changamwe kulikuwa na kiwanda cha kuchoma chokaa, na wenyewe walitaka kujenga tanuri la pili upande uleule wa nyumba za watu. Manispaa ikasema kwanza hewa ipimwe. Nikagawa masinia sita ya bati katika nyumba sita, kila moja likawekwa juu ya kichanja uani. Kila mwisho wa mwezi nilikwenda kuyachukua, ofisini nikafagia vumbi kwa brashi, nikalitia katika bahasha, likaenda kwenye mizani, kisha tarishi akayarudisha masinia kwenye nyumba zao. Miezi mitatu mizani ilisema vumbi ni kidogo. Nikaandika kwamba hewa ya pale ni safi, na jina langu chini yake.

Ijumaa moja, kwenye harusi hapa hapa Likoni, fundi cherehani mmoja aliyekuja kutoka Changamwe alinishika mkono mbele ya watu, mdomo bado una pilau.

"Ndiwe wewe uliyeandika kwamba sisi twavuta hewa safi? Hebu tuambie, walikulisha nini?"

Watu wakacheka. Mimi damu ilinichemka. Nilijua sikulishwa kitu na mtu yeyote, nikaondoka harusini bila kuaga. Lakini njiani hasira ilianza kunigeukia mwenyewe, maana yule fundi alikuwa akikohoa kila baada ya maneno mawili, na kikohozi hakiwezi kuwa fitina. Mkutano wa manispaa wa kuamua habari ya tanuri ulikuwa Jumatatu ya wiki ya pili. Asubuhi baada ya harusi nikapita ofisini, nikaomba likizo ya siku saba, nikarudi nyumbani kufunga kibegi changu.

Adhuhuri ya Jumamosi hiyo nilikuwa ndani ya feri na baiskeli yangu. Muuza samaki mmoja wa Mtongwe, mtu wa mzaha tangu nimjue, aliniona nimenuna.

"Bwana afya, waenda kupima upepo tena? Leo umechukua kibaba au pishi?"

"Leo nakwenda kujipima mwenyewe," nikamjibu, na sikucheka. Akanitazama, akaona hali si hali, akageukia ng'ambo.

Kutoka Kilindini nilipanda baiskeli mpaka Makupa, nikavuka, nikaanza kuukwea mlima wa Changamwe. Upepo ulikuwa wa kusi, nao mnajua unavyokwenda: unalichukua vumbi la kiwanda na kulimwaga moja kwa moja kwenye vijumba vya makuti. Nyumba za mabwana wa kiwanda zilikuwa upande wa pili wa kilima, huko kusi haipeleki vumbi. Nani aliyechora ramani ile? Ofisi yetu. Nilikuwa nimeiona ukutani kila siku nikinywa chai, nisione ubaya wowote.

Nilipofika kwenye nyumba za kwanza nilisimama, nikaona jambo ambalo macho yangu yalikuwa yamelipita kila nilipokuja. Hakukuwa na kamba ya nguo hata moja nje. Jua lote lile, na watu wanaanika nguo ndani! Majani ya mipapai yalikuwa meupe. Kuku walikuwa weupe. Lo, nilijitukana pale njiani kwa sauti, mpaka mama mmoja akamvuta mtoto wake karibu.

Alasiri nilibisha nyumbani kwa Mzee Bakari, muadhini wa msikiti mdogo wa mtaa ule. Sinia moja kati ya yale sita lilikuwa kwake. Alikuwa kibarazani, amekaa wima, mikono magotini, kama akaavyo mtu anayetafuta pumzi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," akasema, akaishia hapo. Hakuniuliza habari za nyumbani wala za safari. Kwa watu wa kwetu, huko ni kufukuzwa.

Nikakaa hivyo hivyo. Nikamwambia sikuja kwa niaba ya ofisi, nimekuja kujua nimekosea wapi.

"Mwanangu ameniandikia kutoka Kwale," akasema polepole, akipumzika kati ya maneno. "Asema tanuri la pili likijengwa, anakuja kutuchukua mimi na mamake. Nimeadhini hapa tangu ndevu zangu nyeusi. Sitaki kwenda. Lakini pumzi... hii pumzi haitaki tena."

Mkewe, Bi Mwanamisi, aliitikia salamu yangu kutoka ndani, na muda si muda akatoka na gilasi ya maji na sinia langu mkononi. Lilikuwa linang'aa, naapa ungeweza kujitazama na kufunga kilemba.

"Nimekutunzia, mwanangu," akasema. "Sikujua kama utarudi kulichukua."

"Bi, vumbi lake liko wapi?"

"Vumbi gani tena? Nimelisugua kwa majivu. Kila ukija si huwa nakupa safi?"

"Huliosha kila mara kabla sijaja?"

"Sasa nikurudishie chombo chako kichafu?" Alishangaa kweli. "Mimi nimelelewa wapi? Wewe ni mgeni, unatoka ng'ambo, nikupe sinia limejaa uchafu kama sina mikono? Na si mara ya mwisho nilikutilia mahamri, kwa kuwa hakurudishwi chombo kitupu? Hukuyala?"

Niliyala. Niliyala yote matano kwenye feri, na ofisini nikafagia chembe zilizobaki ndani ya sinia, nikazitia katika bahasha. Nilikuwa nimepima unga wa ngano wa Bi Mwanamisi! Unga ule nikauandika kuwa ndiyo hewa ya Changamwe, na mahamri yale sikujiuliza hata mara moja yamefikaje kwenye sinia la vumbi. Mpumbavu mwenye brashi!

"Nilisema yasiguswe!" nikafoka. "Nilisema siku ya kwanza!"

"Ulimwambia nani?" akauliza.

Niliwaambia wanaume, barazani, baada ya sala, nao wakasema haya bwana. Masinia yalikaa uani. Uani mimi siingii, na hao wanaume hawajui hata ufagio huwekwa wapi. Aliyelishusha, aliyeliosha na aliyeniletea mlangoni ni yeye, na kwake yeye sikusema neno. Jioni ile nilipita nyumba zote tano zilizobaki, nikisimama mlangoni na kuuliza. Wanawake watano, wote waliosha. Mmoja alilia aliponiona navyoudhika, akidhani nimeudhika naye.

Jumapili asubuhi nilimuomba Mzee Bakari anihifadhi wiki nzima na sinia lirudi kichanjani. Alikubali, akanipa chumba cha mbele. Kwa Bi Mwanamisi ndiko kulikokuwa na kazi.

"Siku saba bila kuliosha?" akasema. "Majirani waje uani mwangu walione vile? Waniite mchafu na mimi sijafa?"

"Nakuomba, mamangu. Ukilipitishia kitambaa tu, mzee atahamia Kwale."

Nikamsikia akikiburura kiti uani, akalipandisha sinia kichanjani.

Jumanne nilikuwa nimeanza kukohoa mwenyewe. Chai iliota utando mweupe kabla sijaimaliza. Nikitoka jasho, chokaa inanichoma shingoni, na nikinawa uso maji yanauma machoni. Niliishi vile siku tatu na tayari nilitaka kumpiga mtu. Wao waliishi miaka. Kila asubuhi nilisimama ukumbini nikaita, "Bi, hujaligusa?" naye akajibu kutoka uani, "Sijaligusa, lakini wallahi roho yaniuma." Mara moja nilimsikia akiwafukuza mashemeji zake waliokuja kumsaidia kazi na vitambaa mikononi. "Msilioshe sinia hilo! Hilo ni la mzee!"

Alhamisi, adhuhuri, nilifuatana na Mzee Bakari msikitini. Alisimama, akaweka mikono masikioni, akaanza adhana. Sauti ilikuwa nzuri, sauti ya mtu aliyezaliwa nayo. Alipofika pale pa kuwaita watu kwenye sala, akaita mara moja, akafungua mdomo kwa mara ya pili, na hakukutoka kitu. Alibaki vile, mdomo wazi, kifua kikipanda na kushuka. Yule fundi cherehani akainuka bila kuambiwa, akaimalizia. Hakuna aliyeshtuka. Ikanijia kwamba walishazoea, na hilo ndilo lililoniumiza kuliko lote. Nilisali nikiwa na ghadhabu, Mungu anisamehe.

Jumamosi niliaga. Bi Mwanamisi alinitolea sinia akiwa amelishika mbali na kanga yake, uso ameugeuzia pembeni kwa haya. Vumbi lilikuwa limejaa hata bati halionekani, na juu yake umande ulikuwa umeligandisha kama ukuta uliopakwa. Nililifunga katika kitambaa, nikaiacha baiskeli pale pale, nikapanda basi nikiwa nimelipakata sinia. Kwenye feri nilisimama njia yote nisije nikalimwaga.

Nilifika nyumbani Likoni magharibi imekaribia. Nililiweka sinia mezani, nikaenda kutia udhu. Niliporudi, mamangu alikuwa amefungua kitambaa, na mkononi ana kata ya maji.

"Usilioshe!" nikapiga ukelele.

Sikuwa nimempigia mamangu kelele tangu nizaliwe. Kata ilimtoka mkononi, maji yakamwagika sakafuni. Nilitaka ardhi inimeze. Nikapiga magoti pale pale kwenye maji, nikamshika miguu, nikamweleza yote, ya Mzee Bakari, ya mahamri, ya adhana iliyokatika. Mama akainama akalitazama sinia.

"Hili lote ni la siku saba?"

"Siku saba, mama."

"Na watoto wako huko?"

"Wako."

Akaenda jikoni, akarudi na kawa lake zuri, lile la kufunikia chakula cha sikukuu, akalifunika lile vumbi.

Jumatatu asubuhi nililiweka juu ya meza ya mkubwa wangu, yule Mzungu. Akaniambia niliondoe, ananichafulia makaratasi. Nikamweleza. Akasema ripoti imekwisha kupigwa chapa, sinia hili moja haliwezi kuifuta, na yeye miezi michache ijayo atakuwa kwao, kwa hiyo nisimletee vurugu za mwisho. Diwani wetu mmoja, mtu wa kwetu huyu, alikuwa amekaa pale na suti yake. Akanipigapiga begani.

"Tulia, bwana. Uhuru waja. Kila kitu kitakuwa sawa."

"Bendera ikibadilika, upepo utabadilika?" nikamuuliza. "Utavuma upande wa nyumba yako?"

Mkono ukaondoka begani. Nikaichukua ile ripoti mezani, nikachomoa kalamu mfukoni mwa shati langu, nikaikata sahihi yangu mistari miwili, na chini yake nikaandika: vyombo vilioshwa kabla ya kupimwa, kosa ni langu. Ripoti bila sahihi ya mpimaji haiingii mkutanoni. Sheria hiyo waliitunga wao. Basi haikuingia. Tanuri la pili likaahirishwa mpaka hewa ipimwe upya. Mimi nikahamishiwa Kisauni, kutafuta viluwiluwi vya mbu ndani ya visima. Nilikwenda, lakini msiniambie niliona fahari. Niliona hasira tu, kwa sababu kosa langu lilihitaji miezi mitatu na heshima ya wanawake sita, na la waliochora ramani halikuwahi kuitwa kosa.

Juma lililofuata, Jumapili, nilirudi Changamwe kuchukua baiskeli yangu. Mamangu alikuwa amelisugua sinia kwa majivu na kumbi la nazi, akalijaza vitumbua, akalifunika kwa kitambaa cheupe. "Lisirudi tupu," akasema. Nilichojifunza ni kidogo, nacho nimewaandikia ili asirudie mwingine: ukitaka kujua hali ya nyumba, muulize mwenye kuifagia, umuulize kwanza, na ukipewa takwimu nzuri juu ya watu wanaokohoa, usizitie sahihi.

Mzee Bakari alikuwa kibarazani palepale. Safari hii aliniuliza habari za nyumbani, za mama, za safari, moja baada ya moja, akipumzika katikati. Nikampa habari ya tanuri. Akasema alhamdulillahi, na kukohoa kukamkatiza.

Bi Mwanamisi alilipokea sinia, akamshukuru mamangu, akamimina vitumbua katika sahani yake. Kisha akapitisha kidole kwenye ukingo wa sinia lililotoka Likoni likiwa linang'aa, akaninyooshea. Kutoka kituo cha basi mpaka mlangoni kwake tu, na kidole kilikuwa cheupe.

Tanuri la kwanza lilikuwa bado linawaka.

Hakulipeleka kwenye maji. Aliingia nalo uani, nikasikia kiti kikiburutwa, na bati likitua juu ya kichanja.

"Haya," akaita kutoka ndani, "hesabu siku zako saba."