Unga wa Papai na Kifua Changu

Mwanangu, ipo siku moja naikumbuka kila nikiamka na kuvuta pumzi bila kelele kifuani. Ni siku ile Bi Somoe aliponitoa kwenye chumba cha unga mbele ya wenzangu wote, kama mtu anavyomtoa kuku jikoni. Siku ile nilimchukia. Leo simalizi sala bila kumtaja. Kaa nikueleze, maana nasikia nawe umepata kazi maabara, na mdomo wangu mimi haujui kunyamaza panapokuwa na jambo la kusema.

Nilikuwa binti wa Kiranjeranje, nimetoka chuoni juzijuzi, nimeajiriwa kwenye maabara ya utafiti pale Lindi mjini. Kazi yetu ilikuwa vimeng'enya. Usitishwe na neno hilo. Kimeng'enya ndicho kinacholainisha chakula na kukivunjavunja. Tumboni mwako vimejaa, na kwenye utomvu wa papai bichi vimejaa vilevile. Ndiyo maana mama zetu, pweza akiletwa kutoka Kilwa mgumu kama kandambili, humtilia kipande cha papai bichi sufuriani akalainika. Sisi maabara tuligema utomvu huo, tukaukausha, tukausaga ukawa unga laini, kisha tukaupima na kuujaribu kwenye nyama na juisi za matunda. Kupima unga ndiyo ilikuwa kazi yangu, na niliipenda, we acha tu! Baba alikwisha kutangaza kijiji kizima kwamba bintiye ni mtaalamu.

Msimamizi wetu, huyo Bi Somoe, alikuwa mama wa makamo kutoka Kilwa Kivinje, mwenye sauti ya kukatikakatika. Alikuwa na tabia moja iliyotushangaza: haingii chumba cha unga. Husimama mlangoni na kutoa amri kutoka huko huko, nyingi zikiniangukia mimi. "Mwanaidi, vaa barakoa sawasawa." "Mwanaidi, usimimine kutoka juu." "Mwanaidi, acha hilo fagio, chukua kitambaa kilicholowa." Sisi vijana tukimcheka. Tukampa na jina, Bi Mlango, tukasema anaringa, hataki kuchafua baibui lake.

Mie nilimwona mtu wa maneno mengi tu. Ganda la korosho nalijua. Ukilichezea, mafuta yake yanakubabua papo hapo, na nimelelewa kuliheshimu. Lakini papai? Papai nimelila tangu sina meno! Mazoea yana taabu, mwanangu. Barakoa ikawa inaning'inia shingoni, na joto la Lindi unalijua. Mfuko wa unga naukung'uta mpaka punje ya mwisho. Unga ukimwagika mezani naufagia mkavu, vumbi linapanda kwenye mwanga wa dirisha, nami sina habari.

Yakaanza macho kuwasha. Kisha chafya. Kisha kikohozi kikavu, na jioni kifua kinabana hata kupanda ngazi ni mradi. Nikasema ni vumbi la barabarani. Nikasema ni kiyoyozi. Nikanywa tangawizi, nikanywa asali na ndimu, na kazini nikawa nakohoa nimejiziba mdomo kwa mtandio, nyuma ya makabati, nisisikike. Niliogopa kibarua kuota nyasi. Ningerudi vipi nyumbani na Baba alivyonitangaza? Wahenga wanasema mficha maradhi kifo humuumbua, na methali hiyo niliijua vizuri, niliijibia hata mtihani. Kujua kumbe si kufuata.

Ukafika msimu wa korosho, nikachukua likizo kwenda kuwasaidia wazee shambani. Mwanangu, nililala kama mtoto! Nikaokota korosho, nikafyeka, nikakaa kwenye moshi wa kuni, kifua kimya. Mama akasema hewa ya nyumbani ni dawa. Nikarudi Lindi nimenenepa, nikaingia chumba cha unga asubuhi, na kabla ya adhuhuri kikohozi kimerudi na wenzake wote.

Safari hii nilikohoa hadi nikashika meza. Nilipoinua kichwa, Bi Somoe alikuwa pale mlangoni ananitazama.

"Mwanaidi, njoo hapa."

Nikaenda, nikamwamkia. "Shikamoo, Bi Somoe."

"Marahaba. Hebu niambie, huko kwenu Kiranjeranje ulikohoa?"

"Hata mara moja!" nikajibu kwa kujigamba, nikidhani namwonyesha kuwa mimi mzima. Kumbe nimejishitaki mwenyewe.

Uso wake ukabadilika. "Vua koti hilo hapo hapo. Humu huingii tena."

Wenzangu wakaacha kazi wakatukodolea macho. Nikasikia damu inanipanda. "Bi Somoe, jamani, hili si papai tu? Kwetu tunalila kila siku!"

"Mnalila," akasema. "Hamlivuti puani. Vua koti."

Nilivua, nikatoka nikilia kwa hasira. Nikajiambia huyu mama ananionea kijicho, kazi yenyewe haiwezi, mwenye kuiweza anamfukuza. Kesho yake aliponipeleka hospitali kwa mkono wake, nilikaa naye nimenuna njia nzima, salamu yake nikaijibu nusu. Alivumilia. Mtu mzima akiamua kukusaidia, hanuni.

Daktari alisikiliza kifua, akanipulizisha kwenye kibomba cha kupimia pumzi, akauliza kazi yangu. Akatueleza kwamba mwili wangu umeanza kuukataa ule unga, na kwamba nimewahi. Ningeendelea kuuvuta, pumu ingehamia kwangu moja kwa moja.

Tulipokaa kwenye benchi tukisubiri dawa, Bi Somoe akatoa mkobani kichupa cha dawa ya kuvuta, akavuta, akangoja pumzi itulie. Sikuwahi kumwona nacho.

"Mie nilikohoa kama weye," akasema. "Nikaambiwa ni kikohozi tu, nikajiambia hivyo na mwenyewe. Hakuna aliyeniuliza nikiwa nyumbani inakuwaje. Zamani nikiongoza kaswida kwenye maulidi, sasa ubeti simalizi. Mwili ukishakichukia kitu, Mwanaidi, hausamehe. Punje nisizoziona kwa macho zinanilaza kitandani. Ndiyo maana nakaa mlangoni."

Lo! Aibu niliyoiona sina pa kuiweka. Nikamshika mkono, nikalia upya, lakini hiki kilikuwa kilio kingine. Hakunisimanga. Alinisugua mgongo tu mpaka jina langu likaitwa dirishani.

Kazi sikuipoteza. Alinipigania nikahamishiwa upande wa mbegu, na huko ndiko nilikozeekea. Chumba cha unga nacho kikabadilika: likaletwa kabati la kuvuta hewa, linalonyonya vumbi la unga, na panapowezekana vimeng'enya vikanunuliwa vya maji badala ya unga. Kikohozi changu kikaisha polepole. Hivi nisemavyo, uzee huu, napanda miinuko ya Rondo na wajukuu, nikiwakemea njia nzima bila kutweta.

Nilimshukuru akiwa hai, alhamdulillahi, hilo sikulikosa. Alipostaafu nilimfuata Kivinje na doti ya kanga, nikamwambia kila kitu, nikaomba radhi na kwa lile jina. Akacheka mpaka akakohoa. "Bi Mlango! Nilikuwa nawasikia, watoto wabaya nyie." Kisha akaniambia, "Mimi umenishukuru, inatosha. Mwingine mwangalie." Mungu amrehemu.

Basi nakuangalia wewe, mwanangu. Usikidharau kimeng'enya kwa sababu kimetoka jikoni kwenu. Pima unga ndani ya kabati la kuvuta hewa, mimina taratibu na karibu, usikung'ute mfuko. Barakoa iwe ile ya kuchuja vumbi, iliyobana usoni. Mtandio si barakoa, nakuambia mie niliyejaribu. Macho uyafunike na mikono uivike glavu. Unga ukimwagika, usifagie wala usipulize. Lowesha kitambaa, uufunike kwanza, ndipo uupanguse. Koti liache kazini, maana kikulacho ki nguoni mwako, na wanao hawakuajiriwa kuvuta unga. Na ukikohoa, sema siku hiyohiyo. Hakuna cheo kinachonunua pumzi ikishaondoka. Mwenzako akikohoa, usimcheke, muulize akiwa likizo anakuwaje, na jibu lake lisikilize hata kama yeye mwenyewe halisikii.

Nenda kazini kwa salama. Mola akupe kifua kikunjufu na kazi yenye heri, asikukoseshe mtu wa kukukemea mapema, na siku atakapokukemea mbele za watu, akujaalie moyo wa kuvua koti.