Nilificha Maandishi ya Programu, Asali ya Baba Ikaitwa Maji

Jamani, kosa ni langu, wala simsingizii shetani. Shetani hajui kuandika programu.

Nilikuwa fundi wa kompyuta kwenye kituo cha kukusanya asali hapa Mpanda. Niliandika programu ya kupima kama asali ina maji mengi. Nikaringa nayo! Bosi akaniletea msaidizi, Neema, binti kutoka Kabungu, mwenye akili kuliko mimi. Hilo ndilo lililoniuma.

Nilipopata kazi kwingine, Neema aliniomba maandishi ya programu. Nikampa faili lililokwisha kugeuzwa kuwa lugha ya mashine tu. Kompyuta inalielewa, binadamu akilifungua anaona takataka.

"Kaka, basi nipe hata lile faili dogo linaloonyesha kipi kinaingia kwanza, joto la asali au namba inayosomwa na kifaa cha kupimia."

"Dada, si una digrii? Utaelewa tu."

Kisha nikafomati laptop yangu, kila kitu kikafutika, wasije wakaniibia ujuzi. Mjanja kweli!

Msimu ulipokaribia kituo kikanunua kompyuta mpya, Neema akalazimika kuliunganisha faili langu upya na kifaa. Akabahatisha: joto kwanza. Kumbe mimi nililiweka mwisho! Akajaribu kwa asali ya chupa moja, kwa bahati jibu likaonekana sawa. Programu haikulalamika. Ilidanganya kwa kujiamini, kama aliyeiandika.

Siku ya kwanza ya msimu, nani alikuwa mbele kwenye foleni? Baba yangu mzazi, katoka Ugalla na ndoo nne za asali safi! Mashine ikasema ina maji. Karani akamwambia mbele za watu, "Mzee, hii umechanganya."

Baba alifunga ndoo zake, akarudi nazo.

Ndoo za waliofuata nazo zikaitwa maji, Neema akanipigia simu akilia. Nikaenda mbio na ujuzi wangu wote. Jamani, hata mimi sikukumbuka kipi kinatangulia! Nikakaa pembeni yake, tukabahatisha wote. Aliyegundua ni yeye, kesho yake.

"Kaka, joto lilikuwa mwisho," akasema taratibu. Afadhali angenitukana!

Nikaenda Ugalla kumweleza baba. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kwa hiyo aliyeniita mwizi ni wewe?"

Nikasema ndiyo. Mama akaleta ugali, tukala. Mpaka leo baba anawauzia majirani asali yake, kituoni hakanyagi.

Nyie mnaoficha kazi zenu ili mkiondoka mkumbukwe, mpeni mwenzenu kila kitu. Mimi nimekumbukwa. Ugalla nzima inanijua: yule msomi aliyemwita baba yake mwizi.