Koti la Kapiteni

Sikupewa kazi ya kumchukia kapiteni. Nilipewa kazi ya kumshonea koti.

Kanisa letu la Wakongo, lililo ghorofani katika jengo kuukuu katikati ya Johannesburg, lilikuwa likiandaa mchezo wa sikukuu yake, kuhusu kapiteni wa stima aliyewapandisha wahubiri mto Kongo, enzi za babu wa babu zetu. Mimi ni fundi cherehani. Nilijifunza mwenyewe kwa kufumua nguo kuukuu, na mshono ukipinda kidogo silali. Kwa hiyo kabla ya kukata kitambaa nilitafuta kitabu alichoandika kapiteni mwenyewe, nikakisoma kwenye simu kwa Kifaransa changu cha kuokoteza.

Nilimpenda, nakiri. Alikuwa msumbufu kama mimi: vifungo, shaba za mitambo, kila kitu sharti king'ae. Kisha nikafika kwenye kuni. Stima ilikula kuni kutwa, na kijiji kikichelewa kuzileta, watu wa kapiteni walibomoa nyumba na kutia milango tanurini. Anaisifu milango ile: mikavu, inawaka vizuri, moshi kidogo. Basi. Aya inayofuata anasifu ndege wa mtoni.

Kwetu mtu akihama huacha kuta, mlango anauchukua. Bibi yangu alikimbia vita akisukuma baiskeli iliyofungwa mlango.

Nilimwendea pasta, nikamwambia nataka mlango uonekane mchezoni.

"Mwanangu, toa hiyo. Watu wanakuja kufurahi."

"Lakini ni kweli, pasta."

"Kweli ni nyingi. Wewe shona koti."

"Bila mlango, hakuna koti."

Alicheka. "Eish! Nusu ya waumini wangu ni walinzi. Unadhani nitakosa koti lenye vifungo?"

Hakukosa. Jumapili kapiteni alitokea na sare ya ulinzi, tochi kiunoni, watu wakashangilia. Nilisimama nyuma na koti langu jeupe mkononi, nikimchukia kila mtu, nikijichukia zaidi kwa sababu bado nilikuwa nikiikagua kola.

Ikafika zamu ya mama mmoja wa kwaya, msusi, aliyepangiwa kuleta kuni akiimba. Nilikuwa nimemsomea ukurasa ule wa milango siku nilipompima gauni la mchezo. Sasa alitua mzigo, hakuimba. Akamkazia macho kapiteni.

"Kuni ndizo hizi, baba. Mlango wangu usiuguse."

Mlinzi aliyeigiza kapiteni alisahau maneno yake. Watu wakaangua kicheko, pasta akapiga makofi, akidhani ni utani. Nilitaka kuwafokea wanyamaze. Mama hakucheka. Alisimama mbele ya tanuri la maboksi, mikono kiunoni, mpaka kapiteni akarudi nyuma.