Fainali Niliyoahidiwa

Harufu ya jenereta ikinipitia puani, ile ya dizeli ambayo muuzaji ameichanganya na mambo yake, mate hunijaa mdomoni kana kwamba nimeitiwa pilau. Mngekuwa kijijini kwetu Makote mwaka wa Elnino mngenielewa. Mwaka ule, tisini na nane, mvua ilinyesha mpaka wazee wakaishiwa mifano. Sisi wa huku juu, tuliozoea kuteremka bondeni kufuata maji, tulikinga ya paa mpaka vyombo vikaisha. Barabara ya kwenda pwani ilikatika, malori ya wanunuzi wa korosho yakazama kwenye tope, na kila kitu kikubwa kijijini kikaitwa Elnino: boga, kitambi, hata umbea.

Mvua ilipokwisha likaja Kombe la Dunia. Mfanyabiashara mmoja wa Newala mjini, wa wale walioota kama uyoga biashara zilipofunguliwa, alisimamisha dishi pana kuliko ungo wowote, akawasha jenereta, na ndani akaweka televisheni. Mimi nilikuwa na miaka tisa na nilikuwa Brazil. Sisemi niliishangilia, nilikuwa Brazil. Nilikuwa na fulana ya njano ya mitumba (ya kike, nilikuja kujua baadaye), na mgongoni nilichora tisa kwa mkaa. Kila ikifuliwa tisa ilifutika, nami nikaichora upya.

Mechi nyingine nilizisikia redioni, lakini fainali niliahidiwa kuiona kwa macho. Aliyeahidi ni Mjomba Saidi, kaka yake mama, na kwetu mjomba akisema, baba hukohoa tu. Hata hivyo neno la mtu mmoja mimi silichukui. Nikamwendea mama.

"Mama, kweli nitakwenda kuuona mpira?"

Alikuwa anapeta mtama. Hakuinua uso. "Si mjomba wako amesema?"

Leo ningeondoka palepale. Muuzaji akikujibu swali kwa swali, rudisha pesa mfukoni.

Siku ya safari ilikuwa siku chache kabla ya fainali yenyewe. Mjomba alisema tutangulie tupate nafasi za mbele, nikaona ana akili. Mama alichinja jogoo alfajiri, akanipa firigisi, ambayo nyumbani kwetu ilikuwa na mwenyewe na hakuwa mimi. Nikaila nikidhani ni heshima ya Brazil. Njiani tukawakuta watoto wa rika langu, kila mmoja na mjomba wake. Nikafurahi kuwa timu yetu ina wapenzi wengi. Kisha wajomba wote wakakata kushoto, kuingia kwenye mikorosho.

"Mjomba, Newala si kule?"

"Huku kuna kivuli."

Mbele ngoma ikalia, na wanaume wakatoka vichakani kutupokea.

Kwetu mtoto hapelekwi jandoni kwa kuombwa ridhaa. Ya ndani hayasemwi. Nitasema tu kwamba fulana yangu niliiona mara ya mwisho ikiwa motoni, na kwamba nililia kilio cha mpira kabla ya kile kilio kingine. Mjomba alinishika mabega muda wote. Lakini aliyenikaa rohoni si yeye. Ni yule aliyenipa firigisi.

Tulikaa humo wiki nyingi, tukila ugali na mboga isiyo na chumvi. Akina mama walikileta chakula mpaka mahali fulani, wakakiweka chini na kurudi bila kutuona. Nilisusa kula. Mjomba alipokuja kunitazama nilikuwa nimebaki macho tu.

"Mjomba, fainali imekwisha?"

"Imekwisha. Brazil kachukua. Mbili bila."

"Wallahi?"

"Wallahi, mwanangu. Sasa kula."

Nikala nikamaliza. Usiku kibanda kizima kiliimba Brazil mpaka tukakemewa.

Siku ya kutoka tulipakwa mafuta, tukavikwa nguo mpya, ngoma na vigelegele vikatupokea. Mama alipenya umati akanishika uso kwa mikono miwili. Alikuwa amekonda. Mimi nilikuwa nimepanga kunyamaza, lakini yeye ndiye aliyeanza.

"Hamisi, Brazil walifungwa. Tatu bila. Mawili alifunga yule mwenye upara, kwa kichwa, kona zote mbili. La tatu mpira unakwisha."

Nikamjibu mbele ya wanawake wote. "Mama, wewe ni mwongo. Uliniuza kwa firigisi, na sasa unataka kuniuza tena."

"Mama Hamisi!" mmoja akapiga makofi, "huyu katoka huko na ndevu kabisa!" Wakacheka wote. Mama hakucheka. Alijifunga upya kanga, akaenda kuwapakulia wageni.

Shule ilipofunguliwa nikatangaza ubingwa wa Brazil, na darasa zima likanipa jina la Mbili Bila, nililodumu nalo mpaka la saba. Nikajua mama alisema kweli. Lakini nilidhani kaisikia redioni kama watu wengine, na ile ya firigisi sikuifuta.

Miaka mingi baadaye, mjomba akiwa hana meno ya kutosha kuficha kitu, tulikuwa tunabangua korosho barazani kwake.

"Mama yako alikuwepo pale mjini, unajua?" alisema. "Wanaume tumekaa, yeye kasimama dirishani, kanga mpaka machoni. Tukamtania: Mama Hamisi, mpira umeuanza lini? Akasema, kuna mtu ataniuliza."

Nilikwenda kwa mama jioni ileile. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, nikamwuliza kwa nini hakuwahi kuniambia kwamba alikwenda.

"Ungeamini?" akasema.

Alinitoa akijua ninakopelekwa. Hilo bado linauma, na sitawadanganya kwamba limepoa. Lakini mjomba alinipa nilichotaka kusikia, mara mbili, na mara zote mbili nilimfuata. Mama alitembea mpaka Newala, akasimama nje mechi nzima, akaniletea tatu bila.