Siku Niliyokifunga Kisima cha Wakfu

Mtu akiniambia kitu ni cha bure, natazama kwanza mlangoni kasimama nani. Msinicheke, mimi nimelelewa na foleni. Miaka ile ya shida, hapa Pangani, duka la ushirika likipata sabuni tulipanga mawe tangu alfajiri, kila mtu na jiwe lake la kushikia nafasi. Tunasimama mpaka jua la utosi, mwenye duka anatoka kututangazia sabuni imekwisha. Jioni wake wa wakubwa wanafua, povu linatiririka hadi barabarani! Hapo ndipo nilipojifunza kwamba palipo na bawabu mbele, nyuma pana mlango. Hata Horohoro mpakani nimekwenda kufuata khanga za magendo, nikajiviringisha mwilini mpaka nikashindwa kuinama, mgambo ananitazama nami namtazama.

Kisha tukaambiwa ruksa. Maduka yakajaa, mifuko ikakauka, watu wakapunguzwa kazi. Mmoja wa waliopunguzwa alikuwa jirani yangu, karani wa posta, mwanamke asiye na maneno mengi. Yeye na kamati ya mtaa ndio waliotuletea intaneti, wakaiweka katika nyumba ya wakfu.

Nyumba hiyo aliiacha bibi mmoja mwenye asili ya Omani, hakujaliwa mtoto. Alisema nyumba pamoja na kisima chake ni mali ya watu wote wa mtaa. Haiuzwi wala hairithiwi. Kisima kile kina adabu zake. Ukishateka, unaacha maji kidogo ndooni kwa ajaye nyuma yako, na humuulizi mtu maji anayapeleka wapi. Akapikie, akanyweshe mbuzi, shauri yake. Chumba cha mbele ndicho kilichowekwa kompyuta kuukuu na waya wa simu. Tulichanga kulipia simu, na aliyefika zamu yake alisoma alichotaka, akamwandikia amtakaye. Karani aliwasha mashine, akageuza uso ukutani. Sikuamini kwamba hachungulii, kwa hiyo mwanzoni niliandika huku nimefunika kioo kwa upande wa mtandio.

Nilikuwa namwandikia mwanangu. Alikuwa Muscat, anafanya kazi ya ujenzi, leo yuko huku kesho kule, hana anwani ya kudumu wala simu. Kilichokuwa hakihami ni sanduku lake la barua pepe. Mwaka ule akaniandikia kwamba amepata mchumba, binti wa Kipemba aliyezaliwa hukohuko, na wazee wa binti wako tayari. Wanangoja kitu kimoja tu, radhi ya mama yake.

Nikamjibu, "Ngoja niulizie." Ndiyo, niulizie! Nimpe mwanangu kwa watu nisiowajua? Nikawauliza Wapemba wanaoleta karafuu, mmoja mmoja, kwa siri, nione kama maneno yao yatapishana. Hayakupishana. Watu wa dini, watu wa kazi, binti ana haya na akili. Roho yangu ikatua. Nikajitanda, nikatoka kwenda kumpelekea mwanangu radhi yake.

Nikakuta chumba kimepakwa rangi.

Bwana mmoja wa Raskazone, mwenye kampuni yake huko Tanga mjini, alikuwa amekuja na gari kubwa akazungumza na kamati. Msichange tena, aliwaambia, simu nitalipa mimi, kompyuta mpya nitawapa mimi, bure, sadaka yangu kwa watu wa Pangani. Watu wakamwombea dua. Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, alikuwa anamsifu kama aliyetoka kuhiji naye.

"Na yeye anapata nini?" nikauliza.

"Wifi, na wewe! Kila mtu kwako mwizi."

"Sijasema mwizi. Nimeuliza anapata nini."

Nikakaa kwenye kompyuta mpya. Ukurasa wa kwanza wa kampuni yake, wa pili wa kampuni yake, bei za bidhaa zake, picha yake anacheka. Nikaandika anwani ya sanduku langu la barua, ikagoma. Nikarudia, ikagoma. Karani akaniambia, bila kunitazama usoni, kwamba laini sasa inafungua kurasa za bwana yule tu. Barua zipo, lakini ni za kwake, na zinakwenda kwa wenye sanduku kwake.

"Na mwanangu?"

"Naye afungue kwake."

"Nitamwambiaje afungue kwake, na hata kumpa radhi siwezi?"

Nikataka kwenda Tanga siku ileile, lakini masika ilikuwa imeshakata barabara na magari yamelala matopeni. Nikaenda kwa mwenyekiti wa kamati. Akaniambia nivute subira. Mtu hatukanwi kwa sadaka yake, akija tutamweleza kwa adabu. Akija lini? Barabara ikikauka.

Mwanangu anangoja, mwenyekiti anasubiri matope yakauke! Na mimi najua mila zetu. Binti akiulizwa akanyamaza, amekubali. Mama wa mwanamume akinyamaza, amekataa, na amekataa kwa dharau.

Usiku sikulala vizuri. Asubuhi nikachukua mnyororo wa mbuzi na kufuli la sanduku langu la khanga, nikaenda kisimani, nikaifunga ndoo kwenye nguzo. Nikakaa ukingoni. Wanawake wakaanza kuja na madumu yao.

"Karibuni," nikawaambia. "Maji bure. Ila ni ya kunawa miguu tu, na mnawe hapahapa. Ya kupikia hayatoki."

Walidhani natania. Walipoona sicheki, zikaanza kelele. Wifi yangu akatupa dumu chini.

"Umerukwa na akili? Kisima cha wakfu hiki! Nani kakupa ruhusa ya kuniuliza maji nayafanyia nini?"

"Na chumba kile cha wakfu au si cha wakfu?"

"Chumba ni kompyuta!"

"Kimejengwa juu ya ardhi gani? Tena mimi nina huruma, nimewaachia ya kunawa. Bwana wenu kaniachia picha yake anacheka."

Wapo waliocheka. Wapo walionitukana, na mmoja alisema nina jini. Wifi yangu hakucheka wala kutukana. Alisimama akilitazama lile kufuli, kisha akasema taratibu, "Nami nilikuwa namwandikia shoga yangu Mombasa. Tangu wiki ile barua haziendi." Alikuwa kanyamaza kwa kuona aibu ya kukilalamikia kitu cha bure.

Mwenyekiti aliitwa, akaja mbio, kanzu kaishika mkononi. Nikamwambia nitafungua akinipa neno mbele ya watu. Akatoa: nyumba ya wakfu haifungwi, mbele wala nyuma. Nikafungua. Lakini laini ilikuwa ya bwana yule, na kuurudisha waya wetu kulihitaji fundi kutoka Tanga. Yaliyobaki ni kungoja barabara, na niliingoja huku nachungulia mawingu kila asubuhi.

Barabara ilipokauka bwana alikuja, akaelezwa kwa adabu zote, na kwa adabu zote akabeba kompyuta zake. Kuukuu zikarudi mezani. Tukachanga. Fundi akaunganisha, karani akawasha, akageuza uso ukutani. Nikamwambia, "Geuka, jirani, macho yangu yana ukungu, nisomee." Nilikuwa nalia tayari, sijasoma hata neno.

Barua zilikuwa nyingi. Za mwanzo alikuwa ananiuliza mama vipi. Za katikati ananiomba. Ya mwisho ilikuwa fupi, na karani aliisoma kwa sauti ndogo.

"Mama, kimya chako nimekielewa. Wazee wa binti nao wamekielewa. Nimewarudishia neno lao, ameposwa na wengine. Usiwe na hasira na mimi."

Nilivuta kiti mbele, nikaandika mwenyewe, kwa kidole kimoja: Radhi, mwanangu. Radhi tangu kabla ya mvua.

Karani akanionyesha pa kubonyeza. Nikabonyeza, nikamuuliza itachukua siku ngapi kufika.

"Imeshafika," akasema.