Jina la Babu Kwenye Gari la Milango Minne

Sisi tuliokua tukilala kando ya kuta za magazeti tunajuana hata bila kuulizana. Ukitutajia tangazo la sabuni la miaka ile, tutakuambia lilikuwa ukuta gani na upande gani wa kitanda. Nyumba yetu ilikuwa ya udongo, nje kidogo ya mji wa Nakuru, na mama alizibandika kuta zote za ndani kwa kurasa za majarida ili vumbi lisituangukie usingizini na baridi ya Julai isipite kwenye nyufa. Gundi yake ilikuwa uji mzito wa unga wa ngano. Uji ule ulinukia vizuri sana, na mdogo wangu Wanjiru alikuwa akiulamba vidoleni kila mara mama akigeuza mgongo. "Gusa ukuta huo uone," mama alikuwa akituambia. "Huo unga nimeyanyima matumbo yenu."

Wenzetu kijijini walikuwa na magazeti ya nyumbani, basi walikua wakitazama mawaziri wakikata utepe. Sisi tulitazama Amerika. Baba yangu, mzee Ndirangu, alikuwa mpishi wa mwalimu wa Kimarekani katika shule ya misheni, na mwalimu akimaliza jarida, lilishuka kwetu pamoja na mikebe mitupu. Mwalimu huyo alipenda magari. Ndivyo nilivyokuja kulala miaka yangu yote ya utotoni nikiwa nimeelekeza uso kwa Mustang.

Nitasema mapema kwamba ninaandika haya nikiwa na hasira, na hasira yenyewe ni ya jina. Mjukuu wangu wa kwanza amezaliwa hapa Sydney, na nimengoja miaka mingi kumsikia akiitwa. Vumilia kidogo, kwa maana huwezi kuelewa habari ya mtoto kabla sijakueleza habari ya gari.

Mustang ya kwanza ilikuwa nyekundu. Boneti ndefu, kitako kifupi, taa tatu za wima kila upande kwa nyuma, na farasi akikimbia pale usoni. Sisi tuliitamka Mustangi, na hakuna aliyetusahihisha. Paa likivuja na kurasa zikalowa, mama alibandika jarida jipya juu ya la zamani, na Wanjiru na mimi tulimsihi kila mara gari jipya alikalishe pale pale lilipokuwa la kwanza. Kwa hiyo ya pili ikaja kukaa juu ya ya kwanza, na ya tatu juu ya ya pili. Tulikuwa tukiinua kona kwa ukucha, taratibu, ili kumwona mzee aliye chini.

Kwa kuwa zote zilikuwa na jina moja, kwa akili zetu zilikuwa ukoo. Ile ya pili ilikuwa imenywea, fupi, ya kutia huruma. Baba alitueleza kwamba mafuta yamekuwa adimu dunia nzima, na Wanjiru akahitimisha kwamba huyu amezaliwa mwaka wa njaa, asichekwe. Ya tatu ikaja na pembe nne kama kabati, haina chembe ya sura ya babu. Tulibishana siku mbili kama ni mtoto wa halali. Mwishowe Wanjiru, akiwa na miaka tisa, akatoa hukumu: "Huyu amefuata ujombani." Tukaridhika.

Mustang ya kweli niliiona mara moja tu. Mgeni wa mwalimu alikuja nayo kutoka Nairobi, usukani ukiwa upande wa kushoto kama ilivyo kwao, na siku ya Jumamosi wakamchukua baba akawapikie kando ya ziwa. Baba akaketishwa mbele, upande wa kulia, mahali ambapo kwetu huketi dereva. Walipopita sokoni, watu wote walimwona mpishi Ndirangu akiendesha gari la Kimarekani, bila usukani, mikono yote miwili ikiwa imeshikilia sufuria ya mchuzi isimwagike. Alikuwa akiwajibu salamu kwa kichwa. Kwa miaka mingi baada ya hapo kulikuwa na wazee waliokataa katakata kupanda gari lolote baba akiwamo, wakisema dereva huyo hana adabu na barabara.

Sasa sikia kuhusu jina. Kwetu Wakikuyu, mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la baba wa baba yake. Hakuna kuketi na kitabu cha majina, hakuna kupiga kura. Mimi ni Kamau kwa sababu babu yangu alikuwa Kamau. Alifariki kabla sijazaliwa, lakini nyanya yangu aliniita "mume wangu" mbele ya wageni, akanikatia kipande kinono, na mvua ikinyesha alinilalamikia kuhusu lile paa kana kwamba mimi ndiye niliyeliezeka vibaya. Nilikuwa na miaka sita. Nilikuwa nikimwomba radhi. Ndirangu alimzaa Kamau, Kamau nikamzaa Ndirangu, na huyu Ndirangu wangu, aliyekuja nchi hii akiwa na miaka tisa na sasa ana ndevu, zamu yake ilikuwa kumzaa Kamau.

Hata Wamarekani walilielewa hilo, japo kwa kuchelewa. Tulikuwa wageni bado hapa Sydney, nikingoja daktari huko Blacktown, nilipofungua jarida na kukuta Mustang mpya, ya tano katika ukoo. Nilisimama. Ilikuwa na uso wa yule mwekundu wa ukutani! Boneti ile ile, taa tatu zile zile, farasi mahali pake. Nilinunua kadi ya simu nikampigia Wanjiru Nakuru. "Babu amerudi," nikamwambia, naye akapiga kigelegele kazini kwake. Ya sita ikaja na usukani wa kulia, ikauzwa huku kwetu, na nikaiona kwa macho yangu kwenye maegesho ya stesheni ya Rooty Hill. Nilikosa treni mbili nikiizunguka. Sikuwahi kununua, mimi ni mtu wa Corolla, lakini nilihisi kwamba kuna kitu duniani kimepangwa sawasawa.

Basi Jumamosi iliyopita Ndirangu na mimi tulikwenda madukani Mount Druitt kununua nepi. Mke wangu yuko Nakuru anamuuguza mama yake, kwa hiyo ununuzi wote wa mtoto umetuangukia sisi wanaume wawili. Pale kwenye sehemu ya kuchaji magari ya umeme palikuwa na gari refu la kwenda juu, milango minne, na kwa nyuma nafasi ya kigari cha mtoto na mizigo ya wiki nzima. Na pale usoni, farasi.

"Nani amembandika huyu farasi hapa?" nikauliza.

"That's a Mustang, Dad. Electric."

Nilidhani ananitania. Nikalizunguka. Nikachungulia. Ndirangu akanieleza, akicheka, kwamba halina mngurumo, lakini ukitaka, spika za ndani zitakupigia mlio. Spika! Gari linaimba kama redio ili dereva ajione kidume! Nilifoka pale mpaka mama mmoja mwenye toroli akabadilisha njia. Sina ugomvi na umeme, na milango minne ni kitu kizuri kwa mtu mwenye watoto. Liiteni jina lake basi! Mbona mumpe huyu jina la mzee wa watu? Amefanana naye wapi?

"Dad, relax," Ndirangu akasema. "It's just a name."

Njia nzima ya kurudi nyumbani niliyatafuna maneno hayo, kwa maana kesho yake, Jumapili, baada ya kanisa, yeye na mkewe walikuwa wameahidi kunitangazia jina la mtoto. Na mtu anayeamini kwamba jina ni jina tu, atamwitaje mwanawe? Nimewasikia hao watoto wa siku hizi wakiitwa kwenye bustani. Mmoja jina la mto, mwingine jina la mji ambao wazazi wake hawajawahi kufika, mwingine herufi zimepangwa upya kana kwamba karani alikuwa amelewa. Vijana wanakaa na simu, wanatembeza kidole, wanachagua jina la binadamu jinsi wanavyochagua pizza.

Sikulala vizuri. Asubuhi nilikanda unga wa chapati kwa hasira, na kwa kweli zilitoka laini.

Wakaja saa nane. Mke wa Ndirangu, Aline, ni Mrundi aliyezaliwa kambini Tanzania na kumalizia shule hapa hapa Mount Druitt. Kirundi sikijui na Kikuyu hakijui, kwa hiyo tunaongea Kiswahili, na namshukuru Mungu kwa kutupa angalau hicho. Mtoto alikuwa amelala. Nilimtazama: paji la uso la baba yangu, na masikio yale yale yaliyokuwa yakichomoza chini ya kofia ya mpishi. Aline akaketi karibu nami, akanishika mkono.

"Papa," akasema, "Ndirangu aliniambia kwenu garçon ya kwanza anachukua jina ya babu yake. Yeye alikuwa anataka ingine, ya kwenye internet. Mimi nikakataa. Nikamwambia, non, hii ni heshima ya wazazi. Tumemupa jina yako, Papa. Fomu tulishatuma."

Machozi yakanilengalenga. Nilimwonea aibu binti huyu kwa mabaya yote niliyowaza usiku kucha. Nikasimama, nikanyoosha mikono. "Nipeni Kamau wangu."

Aline akamgeukia mumewe.

"Kamau ni nani?"

Akanitazama tena, tabasamu likimpungua polepole. "Anaitwa Kevin, Papa," akasema. "Kama wewe."

Nilikaa chini. Nilimgeukia mwanangu kwa ghadhabu ambayo sijawahi kuwa nayo tangu alipoligonga gari langu kwenye lango. Yeye anajua! Jina langu liko kwenye cheti chake cha kuzaliwa!

"Ndirangu, wewe unajua jina langu."

"I know what's on the papers, Dad." Hakuwa anacheka. "But nobody's ever called you that. Not once. Mum calls you Baba Ndirangu. Church ni Mzee Kevin. Work ni Kev. You pick up the phone and say, Kev speaking. I thought that's the one you wanted."

Nilitafuta wa kumlaumu na nimemtafuta wiki nzima. Ningependa kukuambia kwamba walininyang'anya. Haikuwa hivyo. Siku yangu ya kwanza kwenye ghala la Ingleburn, binti wa ofisini alikuwa akichapa beji. Aliniuliza kwa upole kabisa jina langu linaandikwaje. Herufi tano! Mtoto wa chekechea angeliandika. Lakini nyuma yangu kulikuwa na foleni, na nilikuwa mgeni, na nilitaka kupita haraka nisionekane mtu wa shida. Mwanamume aliyekuwa mbele yangu alikuwa amepewa beji iliyoandikwa Kev, nikaona imempitisha bila maswali. Nikasema, andika Kev. Yule mtu aliacha kazi kabla ya mwezi kwisha na sikuwahi kujua habari zake nyingine. Mimi nimeitika jina lake miaka ishirini, kwenye folklifti ya kuinulia mizigo, kwenye baraza la kanisa, kwenye harusi ya mwanangu. Sasa mjukuu wangu, mwenye paji la uso la Ndirangu mpishi, amepewa jina la mtu wa foleni.

Wale waunda magari niliowatukana mbele ya mama wa watu, wao hawakulitupa jina. Wamelipeleka mahali nisipopapenda, naam, lakini walijua lina thamani na wakalishikilia, kizazi baada ya kizazi, hata mwaka wa njaa. Mimi niliachilia la kwangu ili foleni isogee.

Enzi zile jina lilikufikia kabla wewe hujafika. Lilikuwa limeshavaliwa na mtu, limeshafanya kazi, limeshaoa, na wewe ulipewa ulibebe kwa uangalifu mpaka utakapompa mwenzako. Siku hizi watu wanachagua, nami huwacheka sana, na kumbe mimi ndiye niliyetangulia kuchagua, tena sikuchukua hata dakika moja kufikiri.

Aline alikuwa ameanza kulia, masikini, akidhani amenikosea. Nilimwambia hajakosea chochote, na kwamba katika nyumba hii yeye ndiye pekee aliyefuata mila. Akamchukua mtoto, akaingia naye chumbani kumbadilisha nepi. Ndirangu akasogeza kiti karibu.

"We can change it," akasema. "There's a form. Just say the word, Dad. Say it and I'll do it tonight."

Nilivuta pumzi niseme. Neno lenyewe lilikuwa tayari, la herufi tano, liko kwenye ulimi. Chumbani mtoto akaanza kulia, na Aline, kwa ile sauti ya kubembeleza, akaita, "Kevin! Kevin wee!"

Nikaitika.